Pua ya Kuazima

Jambo lote lilinigharimu dola mia sita arobaini na tatu. Hesabu ya kwanza ilitoka mia sita na kumi na tisa, nikafurahi. Nilipohesabu mara ya pili nikakuta nimeruka mafuta ya waridi na ya ndimu, dola ishirini na nne, ambayo muuzaji alikataa kuyapunguza hata senti moja ingawa nilisimama pale kaunta mpaka watu watatu wakalipa na kuondoka. Humo pua yenyewe sijaiweka. Pua sijui bei yake, na sijapata wa kuniuzia.

Nina miaka sitini na tisa. Korona ilinipita miaka ile ya hofu, tulipokuwa tunapanda lifti mmoja mmoja na kumjulia jirani hali kupitia mlango uliofungwa. Ikanikuta Novemba iliyopita, wakati kila mtu ameshaivua kama koti la msimu uliokwisha. Siku nne za kikohozi, siku mbili za kulala, supu, basi. Siku ya saba niliamka mzima, nikakaanga vitunguu, nikaona ajabu kwamba vitunguu vya siku hizi havina harufu. Nikamlaumu mwenye duka. Nilikuwa nimeshavaa koti na kiatu kimoja nikavirudishe vilivyobaki, ndipo king'ora cha moshi kikalia. Kugeuka, nakuta sufuria imekuwa nyeusi, na mimi nimesimama hatua tatu kutoka jikoni, sijasikia harufu yoyote.

Mtu mwingine angesema afadhali, jengo letu lina harufu nyingi ambazo ni nafuu kuzikosa. Lakini pua yangu haikuwa yangu peke yangu. Ramadhani kumi na moja sasa, kila Jumamosi, mimi ndiye ninayepika pilau ya futari katika ukumbi mmoja karibu na Dixon Road, pale ndege zinapopita chini mpaka unaweza kusoma maandishi tumboni mwake. Watu mia na ishirini. Sufuria moja, kilo kumi na tano za mchele. Na kwa kuwa nimefunga, sionji. Masheikh wanamruhusu mpishi aonje kwa ncha ya ulimi kisha ateme, najua. Nimeambiwa na kila mwanamke mwoga aliyewahi kusimama karibu yangu. Mimi sikuwahi. Nilikuwa nafunua kifuniko, nainamia mvuke, navuta pumzi moja, nasema, "Bado vijiko viwili." Wanatia viwili. Jioni watu wanakula na hakuna anayeomba chumvi. Miaka kumi na moja nimejigamba kwa jambo hilo, na sijigambi kwa mengi.

Daktari wangu, mama mmoja mpole anayevaa soksi za rangi mbili tofauti, aliniambia chumvi haina harufu. Nikamwambia chumvi haina, lakini supu isiyo na chumvi inayo. Inanuka kama chumba kilichohamwa. Akaniangalia kidogo, akaandika. Kisha akanieleza kwamba ugonjwa huu hupenda kukaa kule juu ndani ya pua, mishipa ya harufu inapoanzia safari ya kwenda kwenye ubongo, na kwamba kwa watu wa umri wangu matengenezo huenda polepole.

"Itarudi lini?"

"Kwa kijana mara nyingi ni wiki chache. Kwako huenda ikawa miezi. Wengine mwaka, na wengine hairudi yote."

"Nifanyie miezi miwili."

Akacheka. "Mimi siuzi, mama."

"Mitatu basi, na hapo nimepanda sana."

Hakushuka. Akanipa zoezi: harufu nne, kila moja sekunde ishirini, asubuhi na jioni, unanusa huku unakumbuka ile harufu ilivyokuwa. Alitaka mkaratusi uwemo, nikambadilishia kwa iliki, maana mkaratusi kwangu ni dawa ya kifua na sina haja ya kuukumbuka. Mwishoni akauliza, "Na kichwa? Unasahau maneno, unapoteza mpangilio wa mambo?" Nikamwambia kichwa changu kiko sawa, nikamtajia mabasi yote yanayotoka kituo cha Weston na yanakokwenda. Kisha nikarudi kliniki pale mara mbili. Mara ya kwanza kuchukua glavu nilizosahau, mara ya pili kuuliza kama nilishazichukua. Nilikuwa nimezivaa.

Nyumbani nikapanga vikombe vinne vya kahawa dirishani: karafuu, iliki, waridi, ndimu. Nilikuwa nahesabu mpaka ishirini, kisha nahesabu tena kuhakikisha, kwa hiyo kila kikombe kikapata arobaini. Wiki ya tano kitu kikaja, ila si chenyewe. Karafuu zikanuka mpira unaoungua. Kahawa ikanuka maji ya chombo cha maua yaliyosahauliwa. Binti yangu, anayeelewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza, akaninunulia ving'ora viwili vipya vya moshi na kuniomba nisipike nikiwa peke yangu. Nikamwambia siko peke yangu, nina redio. Kuhusu ukumbi hakuuliza, na mimi si mtu wa kujibu kisichoulizwa.

Ramadhani ikaingia kukiwa bado na theluji. Jumamosi ya kwanza nikaenda na mpango: kama pua haipo, hesabu ipo. Kwa kukumbuka miaka yote ile nilijua sufuria yangu inakula vijiko vikubwa kumi na sita. Nikasimama na kopo, nikahesabu kumi na sita, nikakoroga. Halafu, kama ninavyofanya na kila kitu maishani mwangu, nikahesabu mara ya pili.

Tatizo ni kwamba sokoni ukihesabu chenji mara mbili, chenji haiongezeki. Mimi chumvi niliihesabu mara ya pili kijiko kikiwa mkononi.

Sikujua. Ile mara ya kwanza haikukaa kichwani kama jambo lililofanyika. Ilikaa kama jambo nililokuwa nawazia kulifanya. Zamani mvuke ungeniambia papo hapo. Safari hii niliinamia sufuria mbele ya wanawake wote, nikavuta pumzi kama kawaida yangu, nikasikia joto tu usoni. Nikafunika. Nikasema, "Imetimia."

Waliadhini, watu wakala tende, wakanywa uji, wakasali, wakarudi kwenye sahani. Kimya kilichofuata sijawahi kukisikia kwenye pilau. Mzee mmoja ambaye kila mwaka huja jikoni kuomba ukoko alikuja akaomba maji. Nyuma yake wakaja wengine na bilauri zao, wapole, kama watu waliopanga foleni ya kutoa pole.

Msimamizi wa jiko ni mwanamke wa Mombasa, umri wake na wa binti yangu haupishani sana. Akaweka kijiko chini polepole.

"Shangazi, hii uliisikia kwa pua?"

"Kwani tangu lini naisikia kwa sikio?"

"Si kwa ubaya. Ni kwamba imekuwa bahari."

"Ni chumvi ya lile duka," nikasema. "Siku hizi kali."

"Chumvi kali?"

"Wanachanganya."

Alinikubalia. Ndiyo faida ya miaka kumi na moja, ukisema uongo mmoja unabebwa na kweli zote zilizotangulia. Nikatoka nje kwenye baridi na simu, nikaagiza piza thelathini za jibini tupu, tusije tukaingia kwenye maswali ya nyama, na nikazipata kwa bei ya ishirini na sita. Nikalipa mwenyewe, na fedha za mchele na nyama nikairudishia kamati ya ukumbi. Walidhani ni ukarimu.

Jumapili asubuhi nilikaa na vikombe vyangu vinne nikafikiri. Nilihitaji vitu viwili. Pua, na mtu wa kuniambia kama nimeshafanya nilichofanya. Cha kwanza kilikuwa kinaishi mlango wa pili kutoka kwangu.

Jirani yangu ni Mgoa wa Nairobi, karani mstaafu, mjane, Mkatoliki asiyekosa misa. Korona ilimpata mwaka juzi. Pua ilimwachia; anaweza kukuambia ghorofa ya tisa wamepika nini. Ilichomchukulia ni dakika kumi za mwisho. Mambo ya utotoni anayo yote, mpaka rangi ya vishikizo, lakini jambo la sasa hivi linapita kwake kama treni isiyosimama kituoni. Kwa hiyo amejifunga daftari shingoni kwa kamba na kila kitu anaandika. Nikamkuta koridoni akitupa takataka.

"Jirani, nahitaji pua."

"Nani?"

"Pua. Na ulimi wa mtu asiyefunga. Kwa pilau ya ukumbini."

"Mimi pia nafunga. Ni Kwaresima." Mwaka huu miezi yetu ya toba iligongana, jengo zima lilikuwa na watu wenye huzuni za aina mbili.

"Kwaresima gani yenye chai na keki saa nne asubuhi?"

"Ijumaa sili nyama."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi nakula. Unalipa nini?"

"Thawabu."

"Hizo kwetu napata bure."

Akataka sambusa ishirini kila Ijumaa, za dengu. Nikampa sita. Tukavutana pale koridoni kama tuko sokoni Gikomba, mpaka mtu wa mlango wa tatu akachungulia. Tukakomea kumi na mbili. Akafungua daftari.

"Andika kumi," nikasema.

"Tumesema kumi na mbili."

"Wewe si unasahau?"

"Ndiyo maana naandika haraka."

Jumamosi ya pili tukapanda basi, mimi na mwiko wangu, yeye na daftari lake. Jikoni nilimtambulisha kama rafiki anayetaka kujifunza pilau. Akakasirika.

"Mimi nimepika pilau kabla wewe hujazaliwa," akamwambia msimamizi.

"Karibu, mama. Aproni zipo pale."

Tulikuwa na utaratibu. Yeye anainama, ananusa, anaonja, ananong'ona. Mimi natia chumvi, na kwa kila kijiko nahamisha harage moja kutoka bakuli la bluu kwenda jeupe. Chumvi ikiingia mara moja, harage linahama mara moja. Hata kichwa kikipotea, bakuli halipotei. Vitunguu alivisimamia yeye, maana pilau inapata rangi yake pale, na kati ya kahawia na kuungua kuna harufu tu.

"Toa sasa," akasema. Mimi ningesubiri dakika mbili zaidi nikavichoma.

Tulipofika kwenye supu akaonja. "Bado. Vinne."

Nikatia vinne, maharage manne yakahama, pamoja na saba ya mwanzo yakawa kumi na moja. Akageuka kumsalimu mtu, akarudi.

"Mbona hujatia chumvi?"

"Nimetia. Umesema vinne."

"Mimi?"

"Onja."

Akaonja. "Ah. Nani kakuambia?" Akaandika kwenye daftari, kwa herufi kubwa: CHUMVI IMETIWA. Kisha akaniambia niongeze vitatu, nikaongeza, na tulipokuwa tunasubiri mchele uingie nikaona mkono wangu mwenyewe unarudi kwenye kopo.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Nahesabu mara ya pili."

"Hesabu maharage. Usihesabu chumvi."

Nikahesabu maharage. Yalikuwa kumi na manne. Nikayahesabu tena. Bado kumi na manne, na sufuria haikudhurika. Miaka yote nilidhani kumi na sita, kumbe nilikuwa nakumbuka vibaya hata hilo.

Sijui kama nimewahi kupika pilau nzuri kuliko ile, na sitajua, maana mimi niliila kama kadibodi yenye joto. Ulimi wangu unajua chumvi, sukari, ndimu na uchungu. Iliki na mdalasini umeziacha kwa pua, na pua ndiyo hiyo. Lakini niliwatazama watu. Mzee wa ukoko alirudi mara mbili. Jirani yangu alikaa na wanawake, akasimuliwa habari ileile mara tatu na akacheka mara zote tatu kwa moyo safi; nadhani hawajawahi kupata msikilizaji bora.

Baada ya kufagia, msimamizi akanivuta pembeni.

"Shangazi, leo ndiyo yenyewe. Ujue ile chumvi nimeshughulikia. Nimeiambia kamati tusinunue tena kwenye lile duka. Hata mchele tumeondoa."

Hapo nilisikia vibaya, na nilisikia pote isipokuwa puani. Yule mwenye duka nimebishana naye bei miaka ishirini. Ananiita mwizi, namwita kupe, na mume wangu alipofariki alileta gunia la sukari bila kusema neno. Siwezi kumwacha apoteze wateja mia na ishirini kwa chumvi isiyo na kosa.

"Rudisheni," nikasema. "Chumvi haikuwa kali. Nilihesabu mara mbili, nikatia mara mbili."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akashika meza. "Basi ndio hivyo tu? Shangazi, wewe na hesabu zako. Tutakuwekea mtu wa kuhesabu."

Nusu ya kweli ilikuwa imetoka, na ilinikaa vizuri, na nusu nyingine ilikuwa ulimini. Lakini yeye alikuwa na lake. Idi kutakuwa na watu mia tatu, akasema, na kamati imekubaliana kwamba sufuria ya Idi ni yangu, na mwakani pia. Na kuna ombi. Wanawake wadogo hawajui kupika bila kuonja, wanahangaika.

"Tumepanga Jumapili ya wiki ijayo uwafundishe. Ile ya kusikia chumvi kwa mvuke. Uwafundishe kwa pua yako, kabla hujachoka."

"Nani kakuambia nimechoka?"

"Hakuna. Nipe jibu kufikia Alhamisi, ninunue viungo."

Tukapanda basi la kurudi. Jirani yangu alisoma daftari lake kuanzia asubuhi kama mtu anayesoma barua kutoka nchi nyingine. "Hapa nimeandika pilau ilikuwa nzuri," akasema. "Hongera."

Sasa mambo yamefika hapa. Juzi Jumatatu asubuhi nilikuwa na vikombe vyangu, nikafika cha nne, nikafika sekunde ya kumi na kitu, nikasikia ndimu. Si mpira, si maji ya maua. Ndimu, nyembamba, kwa mbali, kama mtu anaikata nyumba ya tatu. Nilikaa chini. Nikanusa tena, ikawepo. Nikanusa mara ya tatu, ikawa haipo. Daktari nilimpigia simu, akasema ni dalili njema huenda, na huenda ni ubongo unaojisomea ndimu ya zamani, kwa kuwa ndivyo alivyonituma nifanye, kukumbuka. Akasema njia nzuri ni kupimwa nikiwa nimefumba macho na mtu mwingine ashike vikombe.

Nikamwita jirani. Nikafumba macho, nikafunga na kitambaa ili nisijidanganye. Akanisogezea kikombe puani.

"Ndimu," nikasema.

Akasogeza kingine.

"Hiki sijui."

Kingine. "Ndimu."

Kingine. "Sijui. Hapana, ngoja. Ndimu."

Nikafungua kitambaa. "Nimepata ngapi?"

Alikuwa amekaa na vikombe vinne mapajani, ananitazama kwa huruma kubwa. Muda wote mikono yake miwili ilikuwa imeshika vikombe, kwa hiyo hakuandika chochote. Hakujua alianza na kipi. Hakujua kama alinipa ndimu mara tatu au hakunipa kabisa. Tulirudia, akashika kalamu kwa meno, na kila alipoandika alisahau kunisogezea kikombe. Binti yangu ningemwita, lakini nikimwita atajua habari za ukumbi, na nikimwambia habari za ukumbi sitaiona ile sufuria tena.

Kwa hiyo nawauliza ninyi mliopatwa na hili, hasa mlio na umri wangu, maana vijana walipona upesi na wameshasahau. Uliposikia harufu ya kwanza ulijuaje kwamba ni harufu yenyewe, si kumbukumbu yake? Ilikuja nusu, ikaondoka, ikarudi? Na kama ni kumbukumbu tu, yule msimamizi nimwambie Alhamisi kwa simu au niende nimwambie uso kwa uso, na nianze na neno gani? Nijibuni mapema. Hata jibu baya nitalipokea, ila kama mnajua namna ya mtu kujipima mwenyewe bila shahidi, nitumieni hiyo kwanza.